Maswali yenu: ngozi iliyooteshwa kwenye sahani

Toleo lililopita tulimtaja kwa aya moja tu Howard Green, mtafiti aliyeotesha ngozi ya binadamu maabara na kuifikisha kwenye miili ya watu walioungua. Aya ile imeleta barua nyingi kuliko makala yote. Tumechagua hizi.

Mliandika kwamba Green hakuanza na vidonda. Basi alifikaje huko? Na hizo seli za "3T3" zimepataje jina hilo? (Mwalimu wa biolojia, Iringa)

Green alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1925 na akahitimu udaktari hukohuko mwaka 1947. Lakini jina alilitengenezea maabara, si wodini. Akiwa Chuo Kikuu cha New York alitaka kujua seli ya kawaida inageukaje kuwa ya saratani. Kwa hilo alihitaji seli zinazoendelea kuishi nje ya mwili miezi na miaka bila kuharibika tabia, na wakati ule hazikuwa rahisi kupatikana.

Yeye na George Todaro wakachukua seli za viinitete vya panya, wakajiwekea ratiba isiyopindishwa: kila baada ya siku 3 seli zinang'olewa, zinahesabiwa, na seli 300,000 tu zinahamishiwa kwenye sahani mpya ya sentimita za mraba 20 hivi. Siku 3, kuhamisha, laki 3. Ndiyo 3T3, na hiyo T ni ya neno la Kiingereza la kuhamisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 1963. Sifa kubwa ya seli hizo ni kwamba zikijaza sahani na kugusana, zinaacha kugawanyika. Zilizogeuzwa na kirusi cha saratani hazina adabu hiyo. Zenyewe hupandana juu kwa juu mpaka yanatokea mafungu unayoyaona hata bila hadubini.

Ngozi iliingia kwa mlango wa nyuma. Green alihamia chuo cha MIT mwaka 1970, na huko yeye na mwanafunzi wake James Rheinwald wakawa wanaotesha seli za uvimbe wa panya uitwao teratoma, wenye mchanganyiko wa seli za kila namna. Wakaona makundi ya seli bapa zinazofanana na za ngozi, na makundi hayo yalistawi pale tu yalipokuwa na faibroblasti (seli zinazotengeneza nyuzi za tishu) jirani. Zikitengwa peke yake zinanyong'onyea. Faibroblasti za kutegemewa walikuwa nazo tayari, zile 3T3. Wakazipiga mionzi ya kutosha kuzizuia zisigawanyike lakini zikabaki hai zikitoa vichocheo vyake, kisha juu yake wakapanda seli za ngozi ya binadamu. Zikaota. Makala ilitoka mwaka 1975.

Mwaka 1977 wakaonyesha kwamba ile protini ya ukuaji ambayo Stanley Cohen aliitoa kwenye tezi za mate za panya (na baadaye ikamchangia Nobeli ya 1986) hurefusha sana maisha ya seli hizo kwenye sahani. Mwaka 1979 Green, Olaniyi Kehinde na James Thomas wakapata njia ya kung'oa shuka zima la seli bila kulichana. Mwaka 1980 Green akahamia kitivo cha tiba cha Harvard, na mwaka 1981 zikatoka taarifa za wagonjwa wa kwanza wa moto waliopachikwa ngozi iliyotokana na seli zao wenyewe, katika hospitali ya Peter Bent Brigham, Boston. Kesi iliyofunga mjadala ni ya mwaka 1983: ndugu wawili, watoto wadogo, walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili. Vipande vya sentimita za mraba 2 kutoka kwapani viliotesha ngozi ya kufunika karibu nusu ya mwili wa kila mmoja. Wote wawili waliishi, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 1984.

Mwalimu, ukiwafundisha wanafunzi, waonyeshe hapo kwenye miaka. Kati ya 1963 na 1975 hakuna aliyekuwa akitafuta dawa ya moto katika maabara ile.

Naomba hatua zenyewe, kwa vipimo. Vitabu vinasema tu "seli zinakuzwa maabara". (Mwanafunzi wa maabara za tiba, Mombasa)

Tutakupa mpangilio wa kawaida unaotokana na njia ya Rheinwald na Green. Maabara hutofautiana kidogo katika namba, lakini mfumo ni huu.

Anza na kitanda, yaani seli za 3T3. Zizuie zisigawanyike kwa mionzi ya gamma ya grei 60 hivi, au kwa dawa ya mitomaisini ukikosa mashine. Kisha zitandaze kiasi cha 20,000 hadi 25,000 kwa kila sentimita ya mraba. Zikiwa chache, faibroblasti za mgonjwa mwenyewe zilizoingia na kipande cha ngozi hupata nafasi na kuiteka sahani. Zikiwa nyingi mno, seli za ngozi hazipati pa kushika.

Kipande cha ngozi kikatwe siku ya kwanza au ya pili tangu mgonjwa aungue, kabla vijidudu vya wodini havijatawala. Kwapa na kinena hupendwa kwa kuwa mara nyingi husalimika. Kisafirishwe kikiwa baridi ndani ya maji ya lishe yenye antibayotiki. Maabara ondoa mafuta ya chini, katakata vipande vidogo kama punje za mchele, weka kwenye tripsini (kimeng'enya kinachotenganisha seli) ya asilimia 0.05 pamoja na EDTA (kemikali inayoisaidia) ya asilimia 0.01, nyuzijoto 37, ukikoroga. Kila nusu saa mwaga maji yenye seli kwenye chombo chenye seramu ili tripsini ikome kazi, ongeza tripsini mpya, rudia kwa saa 3 hivi. Usiache seli za nusu saa ya kwanza zikae humo saa zote tatu; zitakufa kabla za mwisho hazijatoka.

Panda seli 25,000 hadi 30,000 kwa sentimita ya mraba juu ya kitanda. Maji ya lishe ni mchanganyiko wa DMEM na F12 (aina mbili za maji ya lishe ya maabara), sehemu 2 kwa 1 au 3 kwa 1, yenye seramu ya ndama asilimia 10, insulini maikrogramu 5 kwa mililita, haidrokotizoni maikrogramu 0.4 kwa mililita, adenini, homoni ya tezi ya shingo, na sumu ya kipindupindu kwa kiasi kidogo mno, nanomola 0.1. Ndiyo, umesoma sawasawa. Sumu hiyo hupandisha AMP ya mviringo, molekuli inayopeleka ishara, ndani ya seli, na seli za ngozi hugawanyika kwa kasi zaidi. Protini ya ukuaji, nanogramu 10 kwa mililita, huongezwa kuanzia siku ya 3, seli zikishashika. Badilisha maji kila baada ya siku mbili.

Wengi huharibu hatua inayofuata. Hamisha seli zikiwa zimefunika sehemu kubwa ya sahani lakini bado kuna nafasi wazi. Ukichelewa siku moja au mbili zikabanana, zinaanza kukomaa kuelekea kuwa magamba, na unapoteza zile chache zenye uwezo wa kuzaa kwa muda mrefu. Kwa macho shuka litaonekana zuri tu.

Katika mzunguko wa mwisho ndipo unaziacha zijaze sahani na kujipanga tabaka 3 hadi 5. Kuling'oa shuka, tumia kimeng'enya cha dispasi, mililigramu 2.5 kwa mililita, nyuzijoto 37, dakika 30 hadi 40. Tripsini hapa haifai kwa sababu hutenganisha seli moja moja; dispasi hukata mshiko wa chini tu na kuacha seli zimeshikana. Anza kuangalia pembeni kuanzia dakika ya 20. Ukingo ukianza kujikunja, saidia taratibu kwa ncha butu. Shuka likishaachia hujivuta na kupungua eneo, kwa hiyo atakayepanga idadi kwa eneo la sahani atapungukiwa. Osha dispasi yote, bandika shuka kwenye gozi yenye vaselini, ulibane kwa vibanio, upande uliokuwa chini ya sahani ukitazama kidonda. Likigeuzwa juu chini halishiki, na kwa macho pande hizo mbili ni vigumu kuzitofautisha. Ndiyo maana gozi hubandikwa shuka likiwa bado ndani ya sahani.

Kuhusu wingi: Green na wenzake walikadiria kwamba sentimita za mraba 3 zinaweza kuzaa za kutosha mtu mzima, mita za mraba 1.7, kwa wiki 3 hadi 4. Hiyo ni mara 5,600 na zaidi. Kwa vipande vya sentimita za mraba 50, nusu ya mwili peke yake inataka vipande 170. Mtu aliyeona chumba cha upasuaji siku hiyo anajua kwa nini timu mbili hupokezana.

Kama shuka limetoka maabara likiwa zima, mbona huku wodini mara nyingine halishiki? (Muuguzi wa wodi ya moto, Dar es Salaam)

Kwa sababu lililotoka maabara si ngozi. Ni tabaka la juu tu, jembamba kuliko karatasi. Dermisi, lile tabaka la ndani lenye kolajeni na mishipa ya damu, halimo. Ukililaza juu ya nyama mbichi yenye vijidudu, au juu ya mafuta, linayeyuka. Vijidudu ambavyo ngozi ya kawaida ya kupachika ingevivumilia huliangamiza shuka hili kwa siku moja au mbili.

Njia iliyosaidia sana ilielezwa na Charles Cuono na wenzake mwaka 1986. Mgonjwa akishakatwa tishu iliyokufa katika siku za mwanzo, anafunikwa ngozi ya marehemu. Wakati maabara inaotesha, mishipa ya damu inaingia kwenye dermisi ya ngozi ile. Mwili baadaye hulikataa tabaka la juu la mgeni, lakini dermisi yake huvumiliwa zaidi. Siku shuka likifika, daktari anakwangua tabaka la juu na kulilaza shuka juu ya dermisi iliyobaki. Zile wiki tatu za kungoja zinakuwa zimefanya kazi.

Kwa upande wenu wauguzi, adui wa kwanza ni maji na dawa za kuua vijidudu. Povidoni ayodini na klorheksidini, ambazo mikono imezizoea, huua seli hizi pia. Gozi iliyobeba shuka haiguswi kwa siku 7 hadi 10. Zinabadilishwa zile za nje tu, na zitunzwe zikiwa kavu kiasi. Eneo likiloana muda mrefu, bakteria aina ya sudomonasi hawachelewi. Adui wa pili ni kusuguana. Mgongo na makalio hufeli kuliko kifua kwa sababu mgonjwa anavilalia, hivyo kitanda cha hewa na ratiba ya kumgeuza vina uzito sawa na kazi ya maabara. Akihamishwa, anyanyuliwe, asiburutwe juu ya shuka la kitanda.

Na hata likishika, msishangae malengelenge. Nyuzi ndogo za kolajeni ya aina ya 7 zinazofunga tabaka la juu na la chini hukomaa kwa zaidi ya mwaka mzima. Mshono wa nguo au mkanda wa suruali unatosha kuinua lengelenge miezi mitatu baada ya kutoka hospitali.

Nilisoma kwamba kuna mabaka yanayopona vizuri, halafu baada ya miezi yanachakaa. Shida ni nini? (Msomaji, Nairobi)

Zamani lawama zote zilielekezwa kwenye kidonda. Mwaka 1987 Yann Barrandon na Green walichukua seli moja moja, kila moja wakaiacha izae kundi lake, kisha wakapanda upya watoto wa kila kundi. Wakapata aina tatu. Holokloni huzaa makundi ambayo chini ya asilimia 5 tu ndiyo yanayokwama, yaani kuacha kukua. Parakloni zote hukwama ndani ya vizazi visivyozidi 15 vya mgawanyiko. Merokloni ziko katikati. Holokloni ndizo zenye seli shina, ndizo zinazoijenga upya ngozi miaka na miaka.

Sasa rudi kwenye yule fundi aliyechelewa kuhamisha seli. Shuka lake limejaa parakloni. Litashika, litafunika, daktari atafurahi, kisha akiba inaisha. Kwa hiyo maabara makini haihesabu sentimita peke yake. Inapima pia ni makundi mangapi yanayokwama.

Waliolisimamia jambo hilo kuliko wote ni Michele De Luca na Graziella Pellegrini, wa Modena, Italia. Mwaka 2015 mvulana wa miaka 7 aliletwa hospitali ya Bochum, Ujerumani, akiwa amepoteza sehemu kubwa ya ngozi kwa ugonjwa wa kurithi wa malengelenge, unaotokana na hitilafu ya jeni iitwayo LAMB3. Timu ya Modena iliotesha seli zake, ikaingiza jeni nzima, na akapachikwa karibu asilimia 80 ya mwili. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba ngozi mpya ilikuwa inatunzwa na idadi ndogo tu ya seli, zile za holokloni.

Nataka kupima dondoo ya mmea wa kienyeji kama inasaidia kidonda kufunga, kwa jaribio la mkwaruzo. Msimamizi wangu anasema matokeo yangu "hayana maana". Nakosea wapi? (Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro)

Kwa wasomaji wengine: katika jaribio hili unakwaruza pengo kwenye seli zilizojaza sahani, kisha unapima linavyozibwa. Bila kuona daftari lako, twende kwenye makosa yanayojulikana.

Ukitumia 3T3, chunga historia ya seli. Zikiachwa zijaze chupa mara kwa mara hupoteza ile tabia ya kuacha kugawanyika zikigusana. Zihamishe zikifika asilimia 70 hadi 80, na tumia seramu ya ndama wa kawaida. Wengi hununua ya ndama asiyezaliwa wakidhani ghali ni bora.

Kwenye sahani ya visima 24 panda seli 100,000 kwa kisima, subiri saa 24 zijae kabisa. Kabla ya hapo piga mstari kwa kalamu ya wino mgumu chini ya kila kisima. Mkwaruzo upite kwenye pembe mraba na mstari huo, ili picha zote zipigwe sehemu ileile. Tumia ncha ya pipeti ya maikrolita 200, ishikwe wima, mkono mmoja, mwendo mmoja. Ukikandamiza unachimba plastiki, na seli haziupendi mfereji huo. Osha mara mbili. Mabaki yaliyoelea hutua tena na kuonekana kama seli zilizohama.

Baada ya kuosha weka maji yenye seramu asilimia 1 au chini. Kosa tunalolishuku kwako ni hili: ukibakiza asilimia 10, seramu peke yake inafunga mkwaruzo na dondoo haina cha kuongeza. Pili, pengo huzibwa kwa seli kuhama na kwa seli kuzaana. Kama unadai uhamaji, zuia kuzaana kwa mitomaisini, maikrogramu 10 kwa mililita kwa saa 2, kisha osha. Tatu, pima kwanza kama dozi yako haiui seli, na weka kisima cha kulinganishia chenye kiyeyushio kilekile. Kiyeyushio kikiwa DMSO, isizidi asilimia 0.1.

Piga picha saa 0, 6, 12 na 24. Toa eneo la saa husika kwenye eneo la saa 0, gawa kwa eneo la saa 0, zidisha kwa 100. Likianza milimita za mraba 0.80 na kufikia 0.36, limefunga asilimia 55. Visima 3 kwa kila dozi, na jaribio zima lirudiwe siku 3 tofauti. Visima 9 vya siku moja havihesabiki kuwa majaribio 9.

Na kwenye tasnifu usiandike "dondoo inaponya vidonda". Kwenye plastiki hakuna damu, hakuna bakteria, hakuna sukari iliyopanda. Andika kwamba faibroblasti zilihama kwa kasi zaidi, na huo ni ugunduzi wa heshima.

Mwanangu aliungua mapaja na uji, asilimia 12. Je, nimtafutie ngozi hii ya maabara? (Mama wa mtoto wa miaka 4, Tanga)

Pole sana, mama. Hapana, hahitaji. Hata Marekani, bidhaa ya namna hii ilipokubaliwa mwaka 2007 iliwekewa masharti ya watu walioungua kwa kina asilimia 30 ya mwili au zaidi, ambao hawana ngozi ya kutosha ya kukata. Mwanao anayo. Daktari akiona kidonda hakitajifunga chenyewe, atachukua ngozi nyembamba kutoka sehemu nyingine, ataitoboatoboa kama wavu kama eneo ni kubwa, na kuipachika. Inakuja na sehemu ya dermisi, kwa hiyo ni imara kuliko ya maabara. Pale ilipotolewa hupona kwa wiki mbili hivi.

Muulize daktari kuhusu mazoezi ya goti na nyonga mapema. Kovu likivuta kwenye mkunjo, mguu haunyooki tena bila upasuaji.

Ngozi hiyo hutoa jasho? Na hizo seli za panya hazina madhara? (Msomaji, Zanzibar)

Za panya haziwezi kugawanyika na karibu zote hupotea, ila kwa tahadhari waliopachikwa hushauriwa wasichangie damu wala viungo. Jasho, hapana. Vinyweleo na tezi za jasho havioti kwenye shuka hilo. Aliyefunikwa nusu ya mwili, akiishi pwani, hupata joto la hatari kwa kazi ambayo jirani yake anaifanya akiimba: alowanishe nguo, afanye kazi alfajiri, na akianza kuhisi kizunguzungu asisubiri kuona jasho ndipo apumzike.